Gari Lililokataa Kwenda Myanga

Mara ya kwanza fundi alipozungusha ufunguo, gari la baba lilikoroma kidogo, honi ikatoa sauti nyembamba ya kunung'unika, na vifuta-maji vya kioo cha mbele vikainuka hadi katikati vikasimama hapo. Vilibaki hivyo, vimeinuliwa, kama mikono ya mtu anayesema ngojeni. Ilikuwa asubuhi. Ukungu wa Kitale ulikuwa bado umelala kwenye uwanja wa gereji, na mama alisimama kando yangu akiwa ameukumbatia mkoba wake.

"Umeona?" akaniambia.

"Ni waya, mama."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza kama umeona."

Nilikuwa nimeona.

Na kweli ulikuwa waya. Fundi alikuwa amesahau kurudisha waya mnene unaounganisha injini na bodi ya gari, na umeme ukikosa njia yake hupita popote unapoweza: kwenye honi, kwenye taa, kwenye vifuta-maji. Aliufunga waya, vifuta-maji vikalala, honi ikanyamaza. Nilimgeukia mama nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, hata nikachora mchangani kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ile subira ambayo wazazi huwapa watoto waliowasomesha kwa shida, kisha akamwambia fundi, "Jaribu tena."

Fundi akajaribu. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka. Haikuwaka.

"Hataki," mama akasema, na sikuhitaji kuuliza ni nani.

Baba alikuwa afisa wa kilimo. Alizaliwa Myanga, upande wa Bungoma, lakini maisha yake ya kazi aliyamaliza Trans-Nzoia akipita kwenye mashamba ya watu, na alipostaafu akanunua kipande chake mwenyewe nje ya Kitale akapanda mahindi. Alipokuwa mzima, tena akicheka, alipenda kutuonyesha kona moja ya shamba hilo, karibu na mparachichi, na kusema siku yake ikifika tumlaze pale, asikie mahindi yakikua. Tulidhani ni mzaha. Alipofariki, ukoo ulikuja ukasema mwanamume huzikwa kwao, karibu na baba yake. Aliyezungumza kwa niaba ya wote alikuwa baba mdogo, ndugu yake wa mwisho kuzaliwa. Mama akaulizwa mbele ya watu, akasema ndiyo. Tukampeleka Myanga.

Tangu siku ile mama hakuwa amerudi kaburini. Alilima, alienda kanisani, aliuza maziwa kama kawaida, lakini usiku nilikuwa nikimsikia akitembea ndani ya nyumba, na chakula alikigawa zaidi ya alivyokila. Sasa ibada ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa imepangwa Jumamosi, Myanga, na mama alikuwa ameweka sharti ambalo hakulieleza kwa mtu mwingine ila mimi. Angekwenda kwa gari la baba. Gari likiwaka, basi baba amemsamehe ile ndiyo yake. Likikataa, hangekwenda, si Jumamosi hiyo tu bali milele.

"Mama, gari haliwezi kusamehe mtu."

"Ndiyo maana sijasema gari."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya hisabati, na kazi ilikuwa bado inanitafuta bila kunipata. Nilikuwa na muda. Niliamua kwamba gari lile litawaka kabla ya Jumamosi, hata kama itanilazimu kulisukuma hadi Bungoma.

Gereji yenyewe iko Matisi, nyuma ya duka la makaa. Baba ndiye aliyelipeleka gari huko, likiendeshwa kwa mkono wake, likitoa moshi mweupe na kuchemka kila lilipopanda kilima. Fundi alilifungua, akakuta gasketi imeungua na kichwa cha injini kimepinda. Akamwambia baba arudi baada ya siku chache. Baba hakurudi. Alianguka nyumbani akifunga kamba za viatu, ndiyo kwanza amesema anakwenda kuliona gari lake. Kwa hiyo lilikaa chini ya turubai muda wote wa matanga na miezi iliyofuata, kifua wazi, huku vipande vyake vikiwa ndani ya beseni la mafuta ya taa. Fundi aliniambia kwamba hakupenda kuligusa bila mwenyewe. Mama alipomtuma amalize, alimaliza, lakini alikuwa akifanya kazi huku redio imewashwa kwa sauti ya juu.

Alikuwa kijana wa rika langu, mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata juani, na alijiamini sana.

"Injini inataka vitu vitatu, siste," alinifundisha. "Mafuta, hewa na moto. Ukikosa moja hapo, umebeba chuma tu."

Tukaanza kuhesabu vile vitatu. Alichomoa mpira wa mafuta, petroli ikaruka. Aliziba tundu la plagi kwa kidole gumba, nikazungusha injini, na upepo ukakisukuma kidole chake nje kwa nguvu mpaka akacheka. Kisha akaitoa plagi, akailaza juu ya chuma cha injini ikiwa bado na waya wake, akaniambia nizungushe tena. Alikodoa macho. Nikaenda kuangalia pamoja naye wakati fundi mwenzake akizungusha. Mahali palipotakiwa kuruka cheche ya buluu palikuwa peusi tu, kama jicho la kuku aliyechinjwa.

"Moto hakuna," akasema.

Akaweka plagi mpya. Hakuna. Akatoa koili, ile chupa ndogo inayoutia umeme nguvu, akaifunga kwenye gari jingine lililokuwa uwanjani. Gari lile likawaka papo hapo. Akairudisha kwenye gari la baba. Hakuna. Akaichukua koili ya gari lile zima akaileta kwetu. Hakuna.

"Kule inafanya," alisema polepole, "ikija hapa inakufa." Akaiweka chini akaenda kunawa mikono, na kazi ilikuwa haijaisha.

Nikaazima kipima umeme. Siku nzima nilifuata nyaya kama mtu anayefuata siafu. Umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye ufunguo, ukafika kwenye koili. Kutoka hapo ulitakiwa ukatwe na kuachiliwa, ukatwe na kuachiliwa, ndipo cheche iruke. Haukukatwa. Ulikuwa ukiingia ndani ya koili na kutokomea. Kila waya ambao fundi aliwahi kuushika, tuliukagua. Kila alichofungua, alikifungua tena. Alisema jambo ambalo niliona ni la akili kabisa:

"Hii gari ilikuja hapa ikiwaka. Ni mimi niliifungua, ni mimi niliifunga. Kwa hivyo makosa iko mahali mikono yangu ilipita. Haiwezi kuwa kwingine."

Nilikubali. Hata mimi ndivyo nilivyofundishwa: tafuta kilichobadilika. Kwa hiyo tulitafuta pale mikono yake ilipopita tu, na pale hapakuwa na kitu.

Mama naye alianza kuja. Alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana, akafungua mlango wa abiria wa mbele, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Hakuuliza kitu. Aliketi kama mtu ambaye dereva wake ameingia dukani mara moja na atarudi sasa hivi. Mara nyingine nilimsikia akizungumza Kibukusu kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza kwa muda ule ambao mtu humpa mwenzake ajibu, kisha anaendelea. Wateja wa gereji walikuwa wakipita mbali kidogo na gari lile.

"Kuna mteja ameniuliza kama huyo mama anauzwa pamoja na gari," fundi alininong'oneza. Nilicheka. Yeye hakucheka. "Siste, kusema ukweli, mwambie akae kwa benchi. Akikaa hapo naona kama mzee yuko hapo kando yake."

Nilimwambia hayo ni mawazo. Lakini siku hiyo hiyo, mimi niliyekuwa nikizungusha ufunguo nikiwa nje ya mlango tu, niliingia mara ya kwanza kwenye kiti cha dereva, mama akiwa upande wake. Baba alikuwa mtu mrefu. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, na miguu yangu haikufika vizuri kwenye pedali. Bado palikuwa na harufu yake, ile ya mbegu zilizopakwa dawa. Niliinua macho kwenye kioo cha kati, nikitarajia kuona lango la gereji nyuma yetu. Sikuliona lango. Kioo kilikuwa kimeelekezwa chini, kwenye kiti cha nyuma, kona ya kushoto. Hakikuonyesha kitu kingine chochote. Kona tupu ya kiti.

Niliinua mkono kukirekebisha.

"Kioo usikiguse," mama akasema bila kunitazama. "Na kiti usikisogeze."

"Kioo hiki hakionyeshi barabara, mama. Aliendeshaje hivi?"

"Alikuwa na vioo vya pembeni."

Nikaketi ukingoni mwa kiti, nikakiacha kioo.

Ile kona niliijua. Ilikuwa yangu. Kila safari ya utoto wangu niliketi pale, na kila safari ilianza namna moja. Baba hakuwahi kuwasha gari bila kuomba. Wote tuliinamisha vichwa, tukafumba macho, naye akaomba, maneno yale yale: ulinzi barabarani, magurudumu, mito tutakayovuka, wale tuliowaacha nyumbani. Mimi sikupenda kufumba macho. Hata nikiwa mdogo niliona ni ajabu kwamba tunamwomba dereva mkuu atulinde huku dereva wetu haoni mbele. Na baba alijua kila mara.

"Wewe wa nyuma. Fumba."

Nilikuwa kiti cha nyuma. Uso wake ulikuwa umeinama. Nilifumba. Nikifumbua kidogo tu, ukope mmoja, sauti yake ilirudi: "Nimesema fumba." Na alisubiri mpaka nifumbe ndipo amalizie. Siku moja nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Mungu ameniambia." Nadhani ni jibu hilo, kuliko kitabu chochote cha chuo kikuu, lililonifanya niwe mtu wa kuuliza maswali.

Kulikuwa pia na hadithi ya pikipiki yake, ile ya serikali aliyotumia kabla ya kununua gari. Iliibwa mlangoni mwa kanisa, mchana, wakati wa maombi, watu wote wakiwa ndani wamefumba macho. Ilisemekana ilivushwa mpaka wa Suam kuingia Uganda jioni hiyo hiyo. Watu walipomsimulia walicheka, naye alicheka nao. Nilikuwa naikumbuka hadithi hiyo kama kichekesho tu.

Ijumaa ikafika na gari halijawaka. Mchana baba mdogo alikuja kutoka Myanga na gari la kukodi, amevaa koti la kanisa, maana ni mzee wa kanisa huko. Alisimama langoni mwa gereji akamwita mama kutoka hapo.

"Shemeji, ingia huku twende. Watu wameshapika. Tulale nyumbani, kesho ibada iende vizuri."

Mama alikuwa ndani ya gari la baba. Alishusha kioo. "Nitakuja na hili."

"Shemeji, hiyo ni chuma tu, bana."

"Kama ni chuma, mbona unaongea ukiwa huko?"

Fundi akageuka akajifanya anatafuta spana. Baba mdogo akakohoa, akaja. Alilizunguka gari mara moja kwa mbali kidogo, kisha akasimama mbele yangu.

"Na wewe msomi. Si ulituambia Mungu hayuko? Hebu sasa tengeneza."

"Sikusema hayuko. Niliuliza."

"Ni hiyo hiyo tu."

Nilimwona akilitazama gari, na nikaona hofu yake. Yeye ndiye aliyesema maneno ya ukoo siku ile. Kama kuna mtu baba alikuwa akimkatalia jambo, si mama peke yake.

"Basi tuliombee," akasema. "Tuliombee na likatae mbele ya Mungu, tujue."

Hilo mama alilikubali. Hata fundi alizima redio. Baba mdogo aliniagiza niketi kwenye usukani, mkono kwenye ufunguo, na akisema amina niwashe. Mama alikaa upande wake. Baba mdogo akaweka kiganja juu ya boneti, fundi akasimama kando yake na spana mkononi, wote wakainamisha vichwa, wakafumba macho.

Mimi sikufumba.

Kulikuwa na kimya cha ajabu bila ile redio. Wingu la mvua lilikuwa limeshuka juu ya Matisi na mwanga ukawa wa rangi ya majivu. Baba mdogo ana sauti ya kaka yake. Sikuwa nimelitambua hilo vizuri mpaka dakika ile, aliponitoka machoni nyuma ya kioo cha mbele kilichochafuka na sauti tu ikabaki, ikiomba magurudumu, mito, wale tuliowaacha nyumbani. Nikaangalia pembeni nisimsikie sana, na macho yakaangukia kwenye kioo cha kati. Kona ya kushoto ya kiti cha nyuma. Tupu.

"Amina," akasema baba mdogo.

"Amina," akasema fundi.

Nikashika ufunguo.

"Bado," mama akasema.

Alikuwa bado amefumba macho, mikono juu ya mkoba.

"Shemeji, amina imepita."

"Bado. Goti lake halijalia."

Nikamuuliza, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala, goti gani.

"La baba yako. Alikuwa akimaliza kuomba, goti linalia. *Tk.* Ndipo anawasha. Miaka yote. Nilimwambia aende hospitali wamwangalie hilo goti, akakataa. Subiri lilie."

Goti la mtu aliyeketi tuli halilii. Nikatazama tena kioo, kile kioo kisichoonyesha barabara, kilichoelekezwa kwa makusudi kwenye kona ambayo mtoto mmoja alikuwa akikaa na kukataa kufumba macho. *Wewe wa nyuma.* Hakuambiwa na Mungu. Alikuwa akiniangalia. Aliomba macho wazi, akitukagua mmoja mmoja, na hakumaliza mpaka awe na hakika kwamba hakuna anayeona. Anayeona nini? Nikakumbuka kitu ambacho ukope wangu mmoja uliwahi kukiiba miaka hiyo: bega lake la kulia likishuka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Nikashusha bega langu la kulia. Mkono ukaingia chini ya usukani, ukapita penye fyuzi, ukapanda nyuma ya plastiki, mahali ambapo fundi hakuwa na sababu ya kupeleka mkono wake. Ncha ya kidole ikagusa kitu kidogo, baridi, kama punje ya hindi. Nikakisukuma.

*Tk.*

"Haya," mama akasema, macho yamefumbwa. "Washa."

Likawaka. Liliwaka mara moja, kwa nguvu, kama lililokuwa limezuia pumzi. Baba mdogo aliruka nyuma akiita jina la Yesu. Fundi alipiga kelele, "Si nilisema! Si nilisema nimelifunga sawa!" Mama alifumbua macho akatazama mbele kupitia kioo chenye vumbi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Ningeweza kuliacha hapo. Nilikisukuma tena kile kitufe, *tk*, injini ikafa. Nikakirudisha, nikazungusha ufunguo, ikawaka. Fundi aliingiza kichwa kupitia dirishani, akapapasa, akavuta waya mwembamba mweusi uliofungwa kwa utepe pamoja na nyaya za gari lenyewe, usiweze kuutofautisha.

"Swichi ya kuzuia wezi! Anaua moto kwa koili. Aii, huyu mzee alikuwa mjanja! Alinipea gari ikiwa imefungwa na mimi wiki nzima natafuta makosa yangu!"

Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Nikamgeukia mama kumweleza, na ndipo nilipoona uso wake.

"Kwa hiyo alipokuwa akiomba," alisema, "hakuwa amefumba macho."

"Labda alifanya yote mawili, mama."

"Na mimi nilikuwa hapa. Hapa kando. Hakuniambia."

Baba mdogo alijaribu kusema kwamba Mungu hutumia hata swichi. Mama hakumsikia. Alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akafunga mkanda.

"Toa gari," akaniambia. "Kuna kitu nataka kwenda kumuuliza."

Kwa hiyo tulikwenda. Si kwa sababu alikuwa amesamehewa. Hilo nililiondoa mimi kwa kidole kimoja. Gari la kukodi lilitutangulia, nami nikalifuata nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti kilekile, kioo kikinionyesha kona ileile tupu ikitikisika pamoja nasi. Kiminini, Kamukuywa, Webuye. Mlima Elgon ulikuwa umefunikwa wote na mawingu. Tulipopita mji wa Bungoma mama alisema, "Alikuwa akipunguza mwendo hapa," nami nikapunguza, ingawa barabara ilikuwa wazi.

Tulifika Myanga jua likiwa bado lipo. Kaburi liko mwisho wa boma, mahindi yakianzia hapo hapo. Baba mdogo alikwenda nyumbani kutangaza kwamba tumefika. Nililiegesha gari karibu na kaburi, nikalizima kwa ufunguo. Nakumbuka niliifikiria swichi. Niliifikiria waziwazi, nikaamua kuiacha kama ilivyo, kwa kuwa tuko nyumbani na hakuna atakayeiba gari kaburini. Nikatoa ufunguo, nikafunga milango yote, tukashuka wote wawili.

Mama alisimama penye kichwa cha kaburi. Mimi nilibaki nyuma hatua chache, kati yake na gari. Alizungumza Kibukusu, haraka, kwa ile sauti anayoitumia mtu akichelewa na maziwa. Kisha akanyamaza. Upepo ulikuwa ukipita kwenye mahindi yaliyokauka na majani yakawa yanasuguana, sauti ya watu wengi wanaonong'ona ambao hawataki uwasikie. Alisubiri muda mrefu. Halafu akacheka. Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu mwaka uliopita, alicheka kwa sauti peke yake mbele ya kaburi, na badala ya kufurahi niliogopa.

"Umemuuliza nini?" nilisema tulipokuwa tukirudi garini.

"Kama alitukatalia gari kwa sababu ya kaburi."

"Na?"

"Hakujibu. Lini aliwahi kujibu? Wewe unauliza, yeye hajibu. Mlifaana." Nilipomfungulia mlango kwa ufunguo, akaingia, akaketi. "Lakini sitatembea tena usiku. Akiwa na neno, atalileta mwenyewe. Peleka gari karibu na nyumba, watu wanatungoja."

Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka.

Nikaacha. Nikashusha bega, nikapeleka mkono. Punje ile ilikuwa imelala upande wa pili. Ilikuwa imezimwa.

Nimejiuliza kila swali ninalolijua. Barabara ya Myanga ina mashimo, lakini gari lilifika likiwaka. Huenda goti langu liliigusa niliposhuka, lakini mimi ni mfupi na goti langu halifiki. Huenda mkono wangu uliifunga bila kuniambia. Mikono hufanya mambo, na huu ulikuwa mchana wa kwanza wa mkono huu kuijua kazi hiyo. Nimelipitisha gari lile tangu wakati huo kwenye barabara mbaya zaidi, na swichi haijawahi kusogea yenyewe. Jibu la mkono ndilo ninalolichagua watu wakiniuliza. Ni jibu zuri. Sina jingine.

Mama hakushangaa hata kidogo. Alikuwa akitazama mahindi.

"Hajawahi kuliacha gari bila kulifunga," akasema. "Hata kanisani."

Kisha akainamisha kichwa, akafumba macho, na akaanza kuomba, kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe, maneno yale yale ya baba: magurudumu, mito, wale tuliowaacha. Nilijua atakapofika mwisho atasubiri. Mkono wangu ulikuwa tayari chini ya usukani, lakini haukusogea. Nilijikuta kwanza ninainua macho kwenye kioo, kuhakikisha kwamba hakuna anayeniona.

Kona ilikuwa tupu. Niliitazama mara ya pili, kisha nikashusha bega.